Mkalimani wa Duara la Rwamgasa

4 Novemba

Wengi wanaoanza Kichina hukosea jambo moja: huuogopa mdomo wao. Husikia kwamba silabi moja ikipandishwa ni kitu hiki na ikishushwa ni kitu kingine, wakasema lugha hiyo haikuumbwa kwa ajili ya watu kama sisi. Leo, siku ya kwanza ya darasa la wanaoanza hapa chuoni Kalangalala, Geita, nimewaomba waliolelewa na mama anayesema Kisukuma wanyooshe mikono. Ikanyooshwa karibu yote. Nikawaambia, "Nyumbani mmekuwa mkipandisha na kushusha sauti tangu mko mgongoni, na hakuna aliyewapa cheti. Masikio hayo mliyaacha mlangoni mwa shule. Rudini mkayachukue."

Wakacheka. Kabla ya kipindi kwisha walikuwa wanazitamka sauti zote nne vizuri kuliko nilivyozitamka mimi mwaka 1980 kule Beijing, binti wa Ushirombo, meno yanagongana kwa baridi.

Naandika shajara hii kwa ajili yako utakayelishika darasa hili baada yangu. Msimu huu wa mvua ukiisha naondoka. Ngazi za chuo zimenishinda. Basi ujue mapema: ugumu wa Kichina hauko mdomoni. Uko kwenye maandishi, hasa ya kale. Hivyo ndivyo ninavyoamini baada ya maisha marefu na lugha hiyo, na sioni nitakachokuja kukibadilisha.

7 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. Bati lilipiga kelele hata nikafundisha kwa chaki peke yake.

9 Novemba

Jumamosi ni siku ya darasa langu la juu, la Kichina cha kale. Lina wanafunzi wawili. Mkuu wa chuo ananiuliza kila mwezi kama watu wawili ni darasa. Namjibu kwamba watu wawili ni ndoa, sembuse darasa.

Wa kwanza ni Pritesh, ambaye familia yake inauza pampu, mipira ya maji na kamba mjini Geita. Alikuja kujifunza namna ya kuagiza bidhaa, akanogewa, akabaki. Wa pili ni Dorika, binti wa Tarsisi. Tarsisi ni mtu wa kwetu Ushirombo aliyehamia Rwamgasa kuchimba dhahabu. Sasa ana duara lake, yaani shimo la kuchimbia, yeye na wazee wenzake wachache. Ng'ambo ya uzio wao kuna mtambo wa Wachina wa kuchenjua marudio, ule mchanga uliokwisha oshwa mara moja na bado una dhahabu ndani. Dorika ni mkalimani wa mtambo huo. Siku za kazi anasimama kati ya bosi wake na baba yake. Jumamosi anakuja kwangu.

Maandishi ya kale, kwa asiyeyajua, yana maneno machache kama chumvi kwenye chakula cha mgonjwa. Aliyeyaandika hakuweka nukta wala mkato. Mara nyingi hakusema hata nani ametenda. Msomaji ndiye anayeamua mwandishi alipumua wapi.

"Kwa hiyo alikuwa anabana wino," alisema Pritesh.

"Alikuwa anakuamini," nikamjibu.

16 Novemba

Dorika ametuchekesha leo. Ametusimulia jinsi anavyotunza amani kule kazini. Mhandisi Luo, bosi wake, ni kijana mwenye sauti ya kufokea ng'ombe. Akipayuka, "Ondoeni mawe yenu njiani kwangu!" Dorika anawageukia wazee na kusema, "Shikamooni wazee wangu. Mhandisi anawaomba, mkipata nafasi, msogeze mawe." Wazee nao wakipayuka, yeye anamgeukia Luo na kumwambia kwamba wazee wanauliza kama jambo fulani linawezekana.

"Wewe si mkalimani," Pritesh akamwambia. "Wewe ni sukari guru."

"Sukari inalipwa mshahara," alisema Dorika.

Nikamsifu. Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo hekima ya kwetu: aliyetumwa kwa mkwe hafikishi matusi.

28 Novemba

Mvua. Wanaoanza wamejifunza kuandika "mlango". Wanne hawajarudi, nimesikia wamepata vibarua vya ukalimani na Kichina chao cha wiki tatu.

6 Desemba

Nilikwenda Rwamgasa kumsalimia Tarsisi, nikakuta kikao kwenye uzio. Nakiandika kama nilivyokiona.

Luo alikuja na kofia yake ngumu. Hakusalimu. Alinyoosha kidole kwenye duara na kusema kwa Kichina, maneno niliyoyasikia vizuri kabisa: "Shimo hili litawafukia. Udongo umelowa, matimba yamepinda. Msishuke tena mpaka mvua ziishe." Matimba ni magogo yanayozuia kuta za shimo.

Dorika akapiga goti kidogo kwa wazee, akasema, "Shikamooni. Mhandisi anawatakia usalama, na anawaomba muwe waangalifu kipindi hiki cha mvua."

"Marahaba. Mwambie ahsante," alisema Tarsisi. "Tena mwambie mtaro wake unamwaga maji kwenye duara letu. Auhamishe, au tutauziba wenyewe, tuone mtambo wake utaogelea vipi."

Dorika akamgeukia Luo: wazee wanashukuru, na wangefurahi siku moja auangalie mtaro.

"Nikipata nafasi," alisema Luo.

Wakapeana mikono. Kila mtu alikwenda zake akiwa ameridhika. Mimi pia. Nilimwona Luo mtu asiye na adabu, na Dorika binti aliyelelewa. Kwetu mtoto wa kike hamwambii baba yake "msishuke". Hata mke hamwambii mumewe hivyo mbele za watu. Atamuuliza kama hajachoka, na mume atajua.

Kilichonisumbua njiani ni kwamba mume hujua kwa sababu wote wawili wamelelewa hivyo. Nilikisahau kabla ya kufika mjini.

25 Desemba

Misa, pilau, na mvua iliyotufungia ndani tangu adhuhuri. Heri.

11 Januari

Tumeanza somo ninalolipenda kuliko yote: nyaraka ambazo washauri wa kale waliwaandikia wafalme wao. Nimeandika mfano wangu mwenyewe kwa mtindo ule, ili wanafunzi waone umbo lake. Mshauri anaanza kwa kujiita mtumwa, mjinga, mtu anayestahili kufa kwa kuthubutu kufungua kinywa. Anagusisha kipaji cha uso chini. Kisha anasema lake: ghala ni tupu, askari wana njaa, na wa kulaumiwa ni wewe.

Dorika, ambaye kwa kawaida husoma haraka, leo alikaa na ukurasa mmoja kipindi kizima. Nikamuuliza kulikoni.

"Matimba yamezidi kupinda, Mwalimu. Jana udongo ulimwagika begani kwa mtu."

"Na wanashuka?"

"Wanashuka. Nilimwomba baba wapumzike hata wiki moja. Akaniambia, 'Mchina mwenyewe, mwenye mashine na vipimo, kasema tuwe waangalifu tu. Angeona hatari si angesema?'"

Pritesh aliacha kuandika.

Maneno aliyoyalainisha Dorika hayakuwa yamepungua nguvu. Yalikuwa yamegeuka ruhusa.

12 Januari

Nimempigia simu Tarsisi baada ya misa. Nimemweleza nilichokisikia kwa masikio yangu: Luo alisema msishuke.

Akacheka kwa upole, kama mtu anavyomchekea dada yake mkubwa. "Mwalimu wangu, hicho ni Kichina cha darasani. Cha migodini ni kingine. Mimi nina mkalimani wa damu yangu. Angesema hivyo Mchina, mwanangu anifiche?"

Kadiri ninavyomshawishi, ndivyo ninavyomwambia kwamba mwanawe ni mwongo. Na kadiri anavyompenda mwanawe, ndivyo anavyozidi kushuka shimoni.

18 Januari

Nimemkalisha Dorika kabla Pritesh hajafika.

"Umwambie mwenyewe," nilisema. "Kwangu hasikii."

"Mwalimu, nimwambie baba 'msishuke'? Mimi? Mbele ya mzee wao mkubwa, babu Sikujua, na wazee wote? Nikimvunjia heshima pale, nani atanipa radhi?"

"Akifukiwa, nani atakupa radhi?"

Akalia. Sikumkataza. Pritesh alipoingia, akaona hali, akafungua daftari lake bila mzaha, jambo asiloliweza kwa kawaida. Tukaendelea na waraka wa mshauri kwa kuwa hatukujua la kufanya zaidi.

Katikati ya somo Dorika aliweka kidole kwenye ukurasa. "Mwalimu, huyu mtu heshima yake yote kaimaliza huku juu. Huku chini, kwenye neno lenyewe, hakubakiza hata tone."

"Hakubakiza."

"Kwa nini hakuichanganya?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa mimi. Heshima ni ya mtu, neno ni la jambo. Mshauri alimpa mfalme heshima kwa mwili wake na kwa jina alilojiita, ili neno lipite bila kuguswa. Angeichanganya heshima na neno, mfalme angefurahi na ghala lingebaki tupu.

"Na mfalme akikasirika?" Pritesh akauliza.

"Wengine walikatwa vichwa."

"Basi mimi nabaki na pampu zangu."

Dorika hakucheka. Alikuwa bado anautazama ukurasa.

27 Januari

Mvua.

29 Januari

Mvua. Mto Shuleni, yaani uwanja wetu wa mpira, umefurika.

1 Februari

Dorika hakuja. Barabara imekatika, anasema Pritesh. Simu yake haipatikani. Nimefundisha mtu mmoja, na wote wawili tulikuwa tunasikiliza bati.

6 Februari

Asubuhi Dorika alipiga simu. "Mwalimu, leo nasema. Naomba uwepo. Usiniongelee. Uwepo tu, ili baba asije akadhani nimeyabuni."

Pritesh alikuwa na mipira ya maji ya kupeleka huko, akanipakia kwenye pikapu yake. Barabara ilikuwa imejazwa kifusi, tukapita.

Tulipofika, wazee walikuwa wamesimama chini ya turubai kando ya duara. Marwa, kijana wa winchi, alikuwa anateremsha ndoo. Watu walikuwa chini. Luo alikuwa upande wa pili wa uzio, anafoka tangu mbali, hana salamu wala nini. Kila mmoja alimtazama Dorika, wakingoja awageuzie kelele ile iwe maneno ya watu.

Dorika alivua kofia yake ngumu, akapiga magoti yote mawili kwenye tope. Akamsalimu mzee mmoja mmoja kwa jina. Mzee Sikujua. Mzee Agapiti. Baba yake. Kila mmoja akaitikia marahaba, na kila mmoja akazidi kushangaa, maana ile haikuwa salamu ya kazini, ilikuwa salamu ya msibani.

Kisha akasema, bado yuko chini: "Wazee wangu, tangu Novemba maneno ya Mhandisi nimewaletea nikiwa nimeyatia asali. Leo nayaleta yalivyo. Hakuwahi kusema muwe waangalifu. Anasema msishuke. Anasema shimo hili litawafukia, na leo anasema atakayebaki chini atatolewa maiti. Anasema hamna akili."

Mzee Sikujua aliinama kidogo. "Hamna akili. Hiyo kasema yeye au wewe?"

"Kasema yeye, babu. Mimi nimepiga magoti."

Mmoja wao aliguna kicheko, akakimeza. Tarsisi hakuguna. Uso wake ulikuwa umekaza, na nilidhani atamfukuza mwanawe pale pale. Alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa: ndivyo alivyosema. Akageuka.

"Marwa! Toa watu!"

"Wote, mzee?"

"Kwani nimesema nusu?"

Wakaanza kupanda, mmoja mmoja, wamejaa tope hadi kwenye kope. Tarsisi alisubiri mpaka wa mwisho aliposhika ukingo. Ndipo akamrudia binti yake, ambaye alikuwa hajanyanyuka.

"Na yangu?"

"Baba?"

"Maneno yangu. Mtaro. Ulimpelekeaje?"

Dorika akatazama chini. "Nilimwambia mngefurahi siku moja auangalie."

"Siku moja!" Tarsisi alipiga paja lake. "Nimekaa msimu mzima nikidhani yule mtu ananidharau. Kumbe naye anadhani nampenda! Nyanyuka. Mpelekee na yangu ilivyo. Mwambie maji yanayotufukia ni yake. Tangu mvua ya kwanza nalia naye. Na mwambie kwetu mtu hafiki kwa watu wazima bila salamu, kama mbwa aliyeingia jikoni."

"Na mbwa?"

"Na mbwa."

Dorika alikwenda kwenye uzio akiwa na tope hadi mapajani. Nilisikia kila neno. Alimwita Luo kwa cheo chake, akainamisha kichwa, akaomba msamaha kwa kuwa mkalimani mbaya. Kisha akayasema yote, na mbwa.

Nilitegemea Luo alipuke. Badala yake akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Maji yangu? Nilidhani ni pampu yao inayovuja."

Hakungoja jibu. Alizunguka uzio bila koti la mvua, akaufuata mtaro kuanzia kwenye mtambo, akiteleza na kushika majani. Tarsisi alimtazama, akachukua jembe, akamfuata. Dorika akawafuata wote wawili. Dorika alinisimulia baadaye: mahali mtaro ulipopasukia, nyuma ya rundo la marudio ambapo mtu wa mtambo hana sababu ya kufika, Luo alisimama ndani ya maji hadi magotini. Akavua kofia.

Sisi tulibaki na wazee. Pritesh alifungua chupa yake ya chai na kuwamiminia.

8 Februari

Dorika amekuja darasani. Jana mchana upande wa mashariki wa duara ulishuka wote. Pampu na matimba viko chini. Watu walikuwa juu, wanasaidiana na vijana wa mtambo kuuhamisha mtaro.

Nilimuuliza kuhusu baba yake.

"Hajanikaripia. Ndiyo mbaya, Mwalimu. Aliniambia neno moja tu: 'Umenifanya mjinga mbele ya wenzangu kwa miezi mitatu, na mimi nilikuwa najivunia.' Kisha akala, akalala."

Nilitaka kumpa maneno ya faraja. Nikaona yatakuwa asali nyingine. Nikamwambia baba yake amesema kweli, na ni haki yake. Tukasoma.

22 Februari

Habari za Rwamgasa zimebadilika. Wazee sasa, kila Dorika akifungua kinywa, wanamuuliza, "Hii ina asali, au kavu?" Tarsisi naye ameanza kuuliza. Dorika ameniambia hilo huku akijifanya kufuta miwani.

La Luo limenifundisha zaidi. Alimwita Dorika ofisini akamuuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hasalimu. Dorika akamjibu ukweli: "Nilikuwa nasalimia kwa niaba yako." Msimu mzima wazee walipokea shikamoo zisizo zake. Yule kijana niliyemwandika hapa kwamba hana adabu alikuwa hajui hata kwamba ipo adabu anayoikosa. Sasa anafika kwenye uzio, anasimama, anasema "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, hata kama ni saa kumi jioni. Mzee Sikujua anamwitikia kwa uzito wote, asubuhi ile ya jioni.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua ndogo. Wanaoanza wamesoma ukurasa wao wa kwanza bila msaada, wakapiga makofi wenyewe.

15 Machi

Wewe utakayelishika darasa hili, nilikuambia mwanzo kwamba ugumu wa Kichina uko kwenye maandishi. Futa hapo. Nimewafundisha hawa wawili kutoka salamu hadi nyaraka za kale, na maandishi wameyaweza. Ugumu ni kusimama kati ya watu wawili unaowaheshimu, ukaacha kila mmoja amsikie mwenzake. Sisi wa huku tunaukosea kwa namna yetu: hatusemi uongo, tunahurumia. Fundisha heshima, tena sana, lakini ifundishe iishie magotini na kwenye jina la mtu.

Hilo limenifikisha mimi mwenyewe ofisini kwa mkuu wa chuo leo. Desemba wanaoanza walinituma nimwambie kwamba paa linavuja kwenye vitabu vyao, na kwamba mvua ikiendelea watahamia barazani kwake. Mimi nilimwambia, "Paa letu linatamani jicho lako." Akatabasamu, akasema naye analitamani. Leo nimemwamkia vizuri, nikakaa, nikamwambia: linavuja, vitabu vimeota ukungu, na wanahamia kwako Jumatatu. Alishangaa. Kisha akauliza, "Mbona hukuniambia?"

Fundi yuko juu ya bati ninapoandika.

Kama kuna neno la mtu ulilopewa ulifikishe nawe ukalilainisha njiani, nenda leo ukalifikishe lilivyo.